Shimo Halizinduliwi

Siku nilipokabidhi ofisi, binti aliyekuja kushika nafasi yangu ya Afisa Mazingira alivipitia vitu vyangu vyote kwa adabu: buti za mpira, mwavuli uliokatika ubavu mmoja, ramani ya wilaya ambayo panya walishaanza kuila upande wa ziwani. Alipofika kwenye kamba ndefu yenye mafundo, iliyofungwa jiwe mwishoni, akasita.

"Mama, na hii?"

"Kifaa cha kazi."

"Mbona haina namba ya serikali?"

Ilikuwa kweli, haina. Nilimwambia nitamwandikia. Haya ndiyo niliyomwandikia, na wengine mnaokuja nyuma yake mnaweza kusoma. Sitawaambia nilipanda vyeo gani, maana havikuwa vingi, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu ni huo huo mnaoulalamikia ninyi.

Nilianza kazi Shinyanga, upande wa miti na ngitili. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zikiwapo, ili kiangazi ng'ombe wakute majani. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuwapongeza wazee kwa jambo walilolifanya tangu zamani bila mimi, kisha kurudi ofisini kuandika kwamba nimewahamasisha. Baadaye nikahamishiwa halmashauri moja katika ukanda wa dhahabu. Sitaitaja jina. Niliofanya nao kazi wengine bado wamo, na wengine ni majirani zangu, tunaazimana sufuria shughuli zikitokea.

Siku ya kwanza nilipewa nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya Afisa Nyuki, mtu mpole kutoka Ushirombo, ambaye alitundika ukutani vazi lake jeupe la kurinia asali, na kofia yake ya wavu juu. Wageni wengi waliingia wakaliamkia lile vazi kwanza, kisha sisi. Gari la idara lilikuwapo, zuri, chini ya mwarobaini, ila halikuwa na mafuta. Niliambiwa mafuta yataingia robo ijayo. Ukisikia neno hilo kazini, nunua viatu imara.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nkwabi, Afisa Mipango, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kukubali kila kitu. Wiki ile ile alinipandisha kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma, tukaenda kuona maduara. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo. Anachimba kwenda chini akifuata mwamba wenye dhahabu, na mwamba ukimkimbia, anahama na ngazi yake na kuliacha shimo lilivyo. Tulikuta kilima kizima kimetobolewa kama chekeche.

"Haya yana wenyewe, mzee?"

"Yakiwa na dhahabu, yana wenyewe wengi mpaka wanapigana. Ikiisha, ni ya Mungu na halmashauri."

"Sasa kati ya hao wawili nani anayafukia?"

"Mungu ana njia zake," alisema, akatoa kamba ile mfukoni. "Halmashauri ina vikao. Tupa jiwe, hesabu mafundo. Ukiwaambia shimo ni refu watakuuliza refu kiasi gani, na usipojibu watasonga ajenda."

Hapo hapo akanipa somo la pili, ambalo chuoni sikulipata. Aliniambia nisiandike neno hatari kwenye ombi lolote la fedha. Ukiandika hatari, wajumbe watasikitika, watakupa pole, watapendekeza elimu itolewe kwa wananchi, na mwenyekiti atafunga kwa sala. Andika kazi: kujenga, kuchimba, kuweka, kufukia. Kazi ina kasma, yaani ile namba ya bajeti ambayo bila hiyo senti haitoki. Hatari haina kasma.

Nyinyi mtaipita njia hiyo, kwa hiyo nawaeleza kwa kifupi. Jambo linaanzia mkutano mkuu wa kijiji. Likipita linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha wakuu wa idara wanalichambua, kisha Kamati ya Uchumi, Ujenzi na Mazingira, ambamo Mazingira ni la mwisho kwa jina na kwa muda wa kujadiliwa. Likitoka humo linakwenda Kamati ya Fedha, halafu Baraza la Madiwani, halafu mkoani, na kutoka huko linakwenda juu ambako sijawahi kufika. Kisha linarudi na ukomo wa bajeti, maana yake umeomba ng'ombe, umepewa mkia, na unatakiwa useme ng'ombe mzima utatekelezwa vipi kwa mkia huo. Safari yote hiyo shimo linakaa pale pale, na mvua haihudhurii vikao.

Sasa niwaambie habari ya Nyalwelwe. Jina nimelibuni, kijiji sikukibuni. Kiko kando ya njia ya wachimbaji, upande wa kwenda Bulyanhulu, na shule yake ya msingi ilijengwa wakati hakuna aliyejua kuna dhahabu chini. Ilipojulikana, watu walichimba mpaka nyuma ya madarasa. Dhahabu ikaisha, wachimbaji wakahama, maduara yakabaki, na lile kubwa likawa mita chache kutoka mahali wasichana walipochezea rede, ule mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati.

Msimu wa mvua lilijaa maji, na juu ya maji yakaota majani laini ya kijani. Ukiwa mbali ungedhani ni bustani. Siku moja wakati wa mapumziko mpira wa matambara ulirushwa, ukampita aliyelengwa, ukatua juu ya yale majani. Mtoto aliyekimbia kuuchukua aliitwa Kulwa, wa darasa la pili. Pacha wake, Doto, ndiye aliyekuwa ameurusha.

Nilifika kesho yake. Nilitupa jiwe langu na kamba ikaisha kabla jiwe halijagusa chini. Nilisimama pale nimeshika ncha ya kamba, walimu wananitazama, na sikuwa na cha kuandika. Nimeona mengi katika kazi hii, lakini siku ile niliichukia.

Mama yao alikuwa mkulima wa mpunga na viazi, mwembamba, asiyepayuka. Watu waliendelea kumwita Mama Kulwa, kwa sababu ndivyo alivyoitwa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kubadilisha. Matanga yalipokwisha alimtoa Doto shuleni. Hakugombana na mtu. Alimfuata darasani, akamshika mkono, wakaenda zao. Akasema mtoto atarudi siku mashimo yatakapofukiwa.

Kwa sheria zetu mtoto asiyekwenda shule ni kosa la mzazi. Mtendaji wa Kata, kijana mwenye bidii, akamwita mbele ya mkutano wa kijiji ili awe mfano. Nilikuwapo.

"Mama, unajua unaweza kufungwa?"

"Nifungeni, baba."

"Si suala la kukufunga. Elimu ni haki ya mtoto."

"Ndiyo. Na mmoja nilimleta akaichukue haki yake. Mkamwandika kwenye muhtasari." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Huyu mwingine ngoja kwanza akae nyumbani."

Mtendaji akatazama karatasi zake. Mkutano ukapitisha, kwa mikono yote, kwamba mashimo ya shule yafukiwe. Kijiji kilikuwa kimemaliza sehemu yake. Tukaanza kupanda ngazi.

Bajeti ya kwanza jambo letu lilifika Kamati ya Fedha, likakutana na choo cha stendi. Choo kikashinda. Wakati huo niliziandikia pia ofisi nyingine kuuliza hasa mashimo ni ya nani. Ofisi moja ikanijibu kwamba leseni ya uchimbaji imekwisha, kwa hiyo ardhi ni ya kijiji. Kijiji kikajibu kwamba ardhi ni yake ila mashimo si yake. Mwenye leseni alikuwa amefariki, na ndiye peke yake ambaye hakunijibu vibaya. Doto alikuwa akirefuka kuliko faili letu.

Bajeti ya pili tulipata. Kuna fedha ambazo migodi mikubwa hutoa kwa jamii kila mwaka, na mpango wake lazima upitishwe na Baraza. Mzee Nkwabi alilipenyeza ombi letu kati ya madawati na zahanati, akaliita "kufukia na kusawazisha". Likapita bila swali. Nilimpigia simu Mwalimu Mkuu, akamtuma mtu kwa Mama Kulwa. Akarudi na jibu la shukrani kwa Kisukuma: "Wabeja. Nitakuja kuona."

Lililotokea baada ya hapo nawaomba mlisome polepole, maana ni kosa ambalo haliwezi kufanyika Dodoma wala Dar es Salaam. Ni letu sisi watu wa dhahabu.

Fedha zilitosha kufukia, hazikutosha kusomba udongo kutoka mbali. Ikatafutwa njia ya kubana matumizi. Kando ya kijiji, karibu na kijito, kulikuwa na vilima vya mchanga wa kijivu, mabaki ya mawe yaliyosagwa kwenye karasha na kuoshwa. Kila mtu wa ukanda huu anayajua: ni marudio. Na kila mtu anajua kwa nini yanaitwa hivyo. Dhahabu haitoki yote mara ya kwanza, kwa hiyo siku moja watu huyarudia. Mle kikaoni walikuwamo watu waliosomesha watoto kwa marudio. Mjumbe mmoja alikuwa na kilima chake nyumbani, amekifunika turubai. Lakini kwenye makabrasha ya kikao yaliandikwa kifusi, na mtu akishavaa koti na kufungua kabrasha, husoma kilichoandikwa. Tukajadili kifusi. Mhandisi akathibitisha kwamba kifusi kipo karibu. Mweka Hazina akafurahi. Tukapitisha kifusi.

Lori likasomba, mashimo yakajaa, yakashindiliwa. Pakawa safi. Mama Kulwa akaja kuona, akasimama pembeni, akainama akachukua konzi moja ya mchanga ule, akaupeperusha kwa vidole.

"Haya si marudio, mayu?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Ni kifusi," nilimjibu, kwa sababu ndivyo kilivyopita.

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Doto hakumleta.

Haukupita muda, bei ya dhahabu ikapanda na mtambo mpya wa kuchenjua dhahabu ukafunguliwa kwenye barabara ya Ushirombo. Mtambo wa namna hiyo hula marudio tu. Watu wa Nyalwelwe waliamka wakagundua kwamba wana hazina nyuma ya shule, tena imekusanywa mahali pamoja na halmashauri yao pendwa. Walichimba kwa utaratibu mzuri, kwa zamu, na walisimama kupisha watoto kengele ikigonga. Nilipofika, lori lililokuwa likipakia lilikuwa lile lile lililoleta. Dereva aliniamkia vizuri.

"Shikamoo, Mama Mazingira."

"Marahaba. Si ulimwaga hapa wewe mwenyewe?"

"Ndiyo mama. Ile ilikuwa tenda ya serikali. Hii ni ya mtu binafsi."

Wakayamaliza yote. Na kwa kuwa mchimbaji akifika chini haachi kuchungulia, duara kubwa liliongezeka kina. Mzee Nkwabi alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alikuja akakaa mezani kwangu, chini ya lile vazi la nyuki.

"Maji yakimwagika hayazoleki," nikasema, kujaribu kumfariji.

"Haya si yamezoleka?" akasema. "Yamezolewa yote."

Ndiyo mara pekee nilipomwona akicheka mpaka machozi, ingawa sina hakika kama yalianza kama kicheko.

Kurudi kwenye Baraza kuomba fedha za kufukia mashimo yaliyokwisha kufukiwa si jambo jepesi. Wakaguzi walikuwa wameshaandika hoja. Mbaya zaidi, nilimfuata Mheshimiwa Diwani wa kata ile, mzee mwema na mkweli, nikamwomba atuunge mkono kwa mara nyingine. Akanikaribisha maziwa, akaniambia bila kuficha.

"Mama Mazingira, nakupenda, lakini shimo halizinduliwi. Darasa nitalionyesha. Kisima nitakunywa maji yake watu wakiniona. Shimo lililofukiwa nitalionyeshaje? Nisimame pale na mgeni rasmi niseme, jamani, hapa palikuwa na kitu, sasa hakipo?"

Niliondoka na hasira. Njiani, juu ya bodaboda, hasira ikapoa, nikaona kwamba mzee amenieleza ukweli ambao semina zote hazikunieleza. Akili ni nywele. Niliporudi ofisini sikuandika mashimo tena. Niliandika uwanja wa michezo wa Shule ya Msingi Nyalwelwe: kujaza, kusawazisha, kupanda nyasi, kusimika magoli. Sehemu ya kujaza niliiweka katikati, isionekane sana. Ukisoma haraka, ungedhani tunajaza nyasi.

Kamati ya Uchumi ilipitisha kwa makofi. Mjumbe mmoja akauliza kama magoli yanaweza kuwa na nyavu, na nyavu zikaongezwa papo hapo. Kwa ajili ya nyavu fedha zilipatikana.

Lilibaki suala la udongo, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize hata kama mengine mmeyasahau. Udongo mwekundu ulipatikana kwenye kilima upande wa pili wa kata. Mhandisi aliupima ugumu wake akaandika cheti. Nilijua cheti hakitamzuia mtu wa Nyalwelwe. Ukifukia kitu bila watu kukikagua katika nchi ya dhahabu, watu wataamini umeficha dhahabu. Kwa hiyo, kabla lori la kwanza halijamwaga, niliitisha mkutano wa kijiji pale pale shuleni. Nikaleta fungu la ule udongo, nikaleta mapipa ya maji, nikawaambia wachimbaji wenye sifa waje na makarai yao.

Wakaja. Wakauosha mbele ya kijiji kizima, mmoja baada ya mwingine, wakizungusha karai taratibu, maji yakitoka na udongo, watu wamewazunguka kwa ukimya ambao sijawahi kuupata kwenye kikao chochote. Wakaongeza zebaki? Hapana, niliikataza, mimi ni Afisa Mazingira. Waliangalia kwa macho. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja anayeaminika kwamba hapitwi hata na punje moja. Alilitazama karai lake, akalipindua chini.

"Hamna kitu," akatangaza.

Watu wakaguna kwa masikitiko. Katika miaka yangu yote ukanda huu, hiyo ndiyo mara ya kwanza neno hilo kunifurahisha. Mwenyekiti wa Kijiji akauliza kama kuna pingamizi. Halikuwapo. Huo ndio uliokuwa ukaguzi wa kweli wa mradi ule. Vikao vya juu vilipitisha fedha, karai likapitisha udongo.

Uwanja ukaisha, mgeni rasmi akaja. Alizungumzia vipaji, afya na timu ya taifa. Alipiga penalti, na mlinda mlango, aliyekuwa amepewa maelekezo, akaruka upande mwingine. Hakuna aliyetaja mashimo. Nilitazama watu wakishangilia, nikaona kwamba tumefaulu kabisa: hakikubaki cha kuonyesha kwamba mtoto alikufa pale.

Watu walipotawanyika nilimwona Mama Kulwa upande wa goli la mashariki, ametandika kanga chini, kando yake karai na ndoo ya maji. Alikuwa ametoboa nyasi mpya za halmashauri kwa jembe na kuchota udongo wa chini. Mlinzi akataka kumfuata, nikamzuia.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu.

"Mwadila." Hakuinua macho. "Siku ile wenzangu walipoosha, nilikuwa shamba. Leo naosha mwenyewe."

Nilichuchumaa. Alizungusha karai vizuri, bila haraka, kama mtu aliyelelewa nalo. Maji mekundu yalimwagika mpaka yakawa meupe. Akalielekeza karai kwenye jua, akalitazama upande huu, akalitazama upande ule. Kama kungekuwa na chembe moja tu inayong'aa, kazi yangu yote pale ingekuwa imekwisha.

"Hamna kitu," alisema.

Kisha akauweka uso wake ndani ya kanga, akalia kwa sauti. Nililia naye, sikujali ni nani ananiona. Alipomaliza alirudisha udongo kwenye kile kitobo, akarudisha na nyasi, akashindilia kwa kisigino. Alishindilia vizuri kuliko mkandarasi.

Jumatatu nilikwenda Nyalwelwe kwa gari la idara, ambalo kwa maajabu lilikuwa na mafuta. Nilifika wakati wa mapumziko. Mama Kulwa alikuwa amesimama nje ya uzio na jembe begani, anachelewa shamba. Wasichana walikuwa wamechora mistari ya rede mbele ya goli la mashariki. Doto alikuwa katikati, amerudi darasa la pili, kichwa na mabega juu ya wenzake wote. Kwa urefu ule kumlenga ilikuwa rahisi, na hawakumhurumia. Mpira wa kwanza tu ukampata mgongoni, akatolewa. Akaenda pembeni, karibu na mwamba wa goli, akaketi chini mahali pale pale mama yake alipotoboa, akaanza kung'oa nyasi akisubiri zamu yake irudi.